Habari za Maisha ya Daktari Aldo Castellani, Mchunguzi wa Magonjwa ya Ngozi na Kucha

Mtu tunayetaka kuwaeleza habari zake leo ni Mwitalia, naye alikufa zamani, katika mwaka wa 1971. Twasema mapema kwamba hatumwandiki kama mtakatifu. Maisha yake yana mambo ya kusifiwa sana, tena yana mambo ambayo hatuwezi kuyasifu, na yote mawili tutayaeleza, maana habari za mtu zikipunguzwa nusu huwa si habari zake tena.

Sababu ya kumchagua ni hii. Hapa kwetu Sinza, na katika mitaa yote ya jirani, Kijitonyama na Mwananyamala na Manzese, hata ng'ambo ya Temeke, nani asiyeyajua magonjwa ya ngozi? Joto ni kali, jasho halikauki, na watoto huvaa viatu vya kufunga na soksi tangu asubuhi mpaka jioni. Choa, mapunye, mba, kuwashwa katikati ya vidole vya miguu, kucha zilizogeuka rangi na kumeguka kama chaki: hayo yote tunayaona kila siku. Wengi huyadharau kwa kuwa hayaui. Lakini mtoto mwenye mapunye huchekwa shuleni, na mama mwenye kucha mbovu huficha mikono yake anapotoa sadaka, na tena kidonda kidogo kati ya vidole huweza kuwa mlango wa uvimbe mkubwa wa mguu. Basi yuko mtu mmoja aliyeyafikiri magonjwa haya yasiyoheshimiwa, akayachunguza kwa muda wa miaka zaidi ya sitini, naye katika ujana wake alikaa Entebbe, kando ya ziwa hili hili la Nyanza.

Aldo Castellani alizaliwa katika mji wa Florence, Italia, katika miaka ya 1870. Akasoma udaktari katika mji wake mwenyewe, akamaliza mwaka wa 1899. Kisha akaenda Bonn katika nchi ya Wajerumani kujifunza elimu ya vijidudu, na mwaka wa 1901 akaenda London, katika chuo kipya cha magonjwa ya nchi za joto, kilichoanzishwa na Daktari Patrick Manson. Manson alimwona kijana huyu kuwa ana macho makali na mikono mitulivu mbele ya hadubini, naye hakumsahau.

Wakati huo huo habari za kutisha zilikuwa zikitoka Uganda. Mwanzoni mwa mwaka wa 1901 waganga wa misheni huko Mengo, Albert Cook na nduguye Jack Cook, walikuwa wametambua wagonjwa wa malale, ugonjwa ambao haukuwa ukijulikana hapo mbele. Watu wa Busoga na wa visiwani walikuwa wakisinzia wakiwa wameshika chakula mkononi, wakikonda, wakifa, mpaka vijiji vikabaki bila watu. Wanaohesabu mambo ya zamani husema kwamba waliokufa katika miaka ile walipita 200,000. Royal Society, yaani chama kikuu cha wataalamu wa Uingereza, kikawatuma watu watatu mwaka wa 1902: George Carmichael Low, Cuthbert Christy, na Castellani. Wakaja Mombasa, wakapanda bara kwa reli iliyokuwa imefika ziwani miezi michache tu kabla yao. Mwisho wa reli ile, mahali tunapopaita leo Kisumu, wakati huo paliitwa Port Florence. Jina hilo lilitokana na mke wa mhandisi mmoja, si na mji aliozaliwa Castellani, ingawa yawezekana mwenyewe alilifurahia.

Wale watatu hawakupatana. Low alichunguza kama chanzo ni mnyoo mdogo wa damuni, Christy akazunguka nchi akitafuta mpaka wa ugonjwa, na Castellani akabaki Entebbe na hadubini yake. Kwanza yeye naye alikosea, maana alidhani chanzo ni bakteria aliowakuta katika maiti, wale wa aina ya streptokoki. Lakini mwezi wa Novemba 1902 alikuwa akitazama maji ya uti wa mgongo ya mgonjwa mmoja, baada ya kuyazungusha katika mashine ili vilivyo vizito vizame, akaona kijidudu chembamba kikijipindapinda kama mkunga. Ilikuwa tripanosoma. Hapo kabla kijidudu cha namna hii kilijulikana kwa ng'ombe wanaoumwa na ndorobo, tena kilikuwa kimeonekana katika damu ya mtu huko Gambia, lakini hakuna aliyekikuta katika mgonjwa wa malale.

Sasa yakaanza mambo ya kuhuzunisha. Mwezi wa Machi 1903 akafika David Bruce, afisa na mtaalamu mkubwa, ndiye aliyekwisha kugundua tripanosoma ya ng'ombe huko Zululand. Castellani alimwonyesha aliyoyaona, wakafanya kazi pamoja kwa majuma machache, wakakikuta kijidudu kile katika wagonjwa wengi. Kisha Castellani akaenda zake, na Bruce akaendelea, akaonyesha ya kuwa malale huenezwa na mbung'o wa kandokando ya ziwa. Na baada ya hapo wakagombana. Bruce na rafiki zake walisema kwamba Castellani alikiona kijidudu lakini hakujua maana yake, mpaka Bruce alipomfungua macho. Castellani akasema sivyo, alijua. Ugomvi huu uliendelea kwa miaka mingi, katika barua za magazeti na katika vitabu, hata wote wawili wakawa wazee. Sisi tukisoma habari hizo twaona kwamba kila mmoja alikuwa na sehemu ya haki. Lakini jambo moja hulioni katika barua zile zote: jina la mgonjwa hata mmoja. Wale waliochomwa sindano mgongoni pale Entebbe, ambao maji ya miili yao ndiyo yaliyoleta sifa hiyo iliyogombaniwa, karibu wote walikufa, kwa kuwa dawa haikuwapo bado. Na dawa ya kwanza ilipojaribiwa katika visiwa vya Sese, miaka ya 1906 na 1907, na Robert Koch wa Ujerumani, wengine waliopewa wakawa vipofu.

Kutoka Uganda Castellani akapelekwa Ceylon, kisiwa ambacho leo ni nchi ya Sri Lanka, awe mkuu wa nyumba ya uchunguzi wa vijidudu mjini Colombo. Huko ndiko alikoanza hasa kazi ya ngozi.

Wazee wetu wa pwani na wa bara waliujua vema ugonjwa wa buba. Huwashika watoto zaidi, katika nchi za joto na unyevu, mahali ambapo maji ya kuoga ni haba na watoto hulala pamoja. Kwanza huota uvimbe mmoja kama tunda dogo lenye chembechembe, kisha hutokea mwingi mwili mzima. Nyayo hupasuka hata mtu hutembea kwa ukingo wa mguu kama kaa, na baada ya miaka mifupa hupinda na pua huliwa. Si ugonjwa wa zinaa, ingawa watu wengi waliudhania hivyo, na wengi waliona aibu isiyo yao. Mwezi wa Februari 1905 Castellani alichukua maji ya kidonda cha buba, akaona ndani yake kijidudu chembamba sana kilichojisokota kama uzi wa parafujo. Wiki chache baadaye Mjerumani Schaudinn akaona kijidudu kinachofanana nacho katika kaswende. Castellani akakiita chake kwa Kilatini pertenue, maana yake chembamba mno. Akawaambukiza nyani buba na kaswende, akaonyesha kwamba ugonjwa mmoja haumkingi nyani na ugonjwa wa pili, kwa hiyo ni magonjwa mawili. Wachunguzi wa siku zetu wanaosoma asili ya vijidudu mpaka ndani kabisa wamegundua kwamba viwili hivi ni ndugu wa karibu mno, lakini bado hutajwa mbalimbali.

Twapenda kusimama hapa kidogo, maana jambo hili liligusa nchi yetu. Chanzo kilipojulikana, dawa zilizotengenezwa kwa ajili ya kaswende zikajaribiwa kwa buba, nazo zikafaa ajabu. Katika miaka ya 1920 watu walimiminika katika hospitali za misheni na za serikali ya Tanganyika kutafuta sindano. Vidonda vilivyokuwa vimekaa miezi vilikauka kwa siku chache. Wengi husema kwamba ile imani kubwa waliyo nayo watu wetu juu ya sindano, hata leo mgonjwa huona hakutibiwa akipewa vidonge tu, ilizaliwa wakati ule wa buba. Baadaye ikaja penisilini, sindano moja tu, na tangu mwaka wa 1952 mpaka 1964 shirika la afya la dunia pamoja na lile la watoto waliwatibu watu karibu milioni 50 katika nchi 46. Na mwaka wa 2012 ikaonekana katika visiwa vya Papua New Guinea kwamba vidonge vya azithromisini vikimezwa mara moja vyafanya kazi ile ile ya sindano.

Tuirudie Colombo. Castellani hakuwa mtu wa kusubiri magonjwa makubwa tu. Alitazama ngozi za makuli, za askari, za wavuvi, hata za Wazungu wenzake waliokuna mapaja yao chini ya meza za karamu. Alikwangua magamba kwa kisu, akayapanda katika chupa zenye chakula cha vijidudu, akangoja majuma. Ndipo akajifunza kutofautisha kuvu na kuvu, yaani hivi tunavyoviita fangasi. Wengi waliita vyote jina moja. Yeye akaonyesha kwamba choa cha kwenye kinena, choa cha mwilini chenye mistari mingi kama duara ndani ya duara, mba, na kuvu ya vidole vina mbegu mbalimbali, na kwa hiyo tiba mbalimbali.

Mwaka wa 1910 akaeleza kuvu moja ambayo ikipandwa katika chupa hutoa rangi nyekundu kama divai upande wa chini. Leo huitwa Trichophyton rubrum, yaani ile nyekundu. Wakati huo ilikuwa kama jambo dogo la kigeni la mashariki. Lakini viatu vya kufunga, meli, na majeshi ya vita viwili vikubwa vikaisafirisha, na sasa kuvu hiyo ndiyo inayoongoza duniani kote kwa kuharibu kucha za miguu na kuchubua katikati ya vidole. Msomaji wetu ambaye ukucha wake wa kidole gumba umekuwa mnene na wa manjano, yaelekea anatembea na kiumbe kile kile alichokiandika Castellani.

Kucha ni mahali pagumu kutibu, na mtu akielewa sababu atakuwa na saburi. Ukucha hauna damu ndani yake. Ni kama pembe. Kuvu ikiingia chini yake, dawa ya kupaka haifiki. Nao ukucha wa mkono hukua kama milimeta 3 tu kwa mwezi, na wa mguu hukua nusu ya hapo au pungufu, hata kubadilika wote huchukua mwaka mmoja au mwaka na nusu. Castellani alitafuta maji ya kupaka yanayoua kuvu na vilevile bakteria, na katika miaka ya 1920 akatoa ile dawa inayoitwa kwa jina lake mpaka leo, rangi ya Castellani. Ni fuksini, yaani rangi nyekundu ya zambarau, pamoja na fenoli, asidi ya boriki, asetoni na resosinoli. Ilitia madoa kila mahali, nguoni na mashukani, na mgonjwa alionekana kama aliyekanyaga zabibu. Lakini ilikausha maji maji kati ya vidole, na ilifaa sana kwa uvimbe wa nyama inayozunguka ukucha, ugonjwa wa wale ambao mikono yao haitoki majini: dobi, mpishi, mama lishe. Kwa ukucha wenyewe haikutosha. Tiba ya kumeza haikupatikana mpaka mwaka wa 1958, ilipojulikana kwamba griseofulvini huingia katika ukucha unaoota na katika nywele, nayo ndiyo dawa ambayo watoto wengi wa kwetu wenye mapunye wamepewa. Baadaye ikaja terbinafini, ambayo kwa kucha za miguu humezwa kwa muda wa majuma 12 hivi.

Hapa tutoke njiani kidogo, kwa kuwa jambo hili twaliona Sinza katika maduka ya vipodozi na katika saluni. Mtu mwenye choa hununua krimu asiyoijua, yenye dawa kali ya kutuliza mwasho, ile ya jamii ya steroidi. Kwa siku tatu hupata nafuu, akamsifu muuzaji. Kumbe mwasho umetulizwa lakini kinga ya ngozi nayo imelazwa usingizi, na kuvu hutambaa chini kwa chini, ikapoteza ule mviringo wake, hata daktari akiitazama asiitambue upesi. Na ukucha mbovu ukifunikwa kwa rangi au kwa ukucha wa bandia, unyevu hubaki chini yake na kuvu hushukuru. Kazi aliyoianza Castellani ya kukwangua kwanza, kutazama kwa hadubini, ndipo kutoa dawa, ndiyo inayofundishwa hata sasa kwa maafisa wa ngozi katika chuo kilichofunguliwa KCMC Moshi mwaka wa 1992, ambacho hupokea wanafunzi kutoka nchi nyingi za Afrika.

Mwaka wa 1910 pia, pamoja na Albert Chalmers, Castellani alitoa kitabu kikubwa cha magonjwa ya nchi za joto, kilichowekwa mezani na madaktari wa makoloni kwa miaka mingi. Akawa mtu wa sifa. Akafundisha Naples, akawahudumia askari katika Vita Kuu, akaweka chumba cha kutibia katika London ambako wakuu na wafalme walimwendea, akafundisha hata Marekani huko New Orleans. Waingereza wakampa cheo cha Sir mwaka wa 1928. Watu waliomjua husema alikuwa mcheshi, mwepesi wa kuzungumza, mwenye kupenda nishani.

Mwaka wa 1935 Mussolini alipoishambulia nchi ya Habeshi, Castellani ndiye aliyewekwa kuwa mkuu wa mambo ya afya ya majeshi ya Italia. Aliifanya kazi hiyo kwa ustadi. Alipanga maji safi, kwinini, hospitali, meli za wagonjwa, na askari waliokufa kwa maradhi walikuwa wachache mno kuliko madaktari wa Ulaya walivyotazamia katika nchi ile. Alisifiwa sana kwa hayo. Naye akapewa cheo cha kuwa mwungwana wa Chisimaio, ndiyo Kisimayu, mji wa pwani yetu ya Waswahili, ambao zamani ulikuwa chini ya Sultani wa Zanzibar, kisha chini ya Waingereza wa Kenya, kisha ukapewa Italia mwaka wa 1925. Watu wa Kisimayu hawakuulizwa.

Lakini tangu mwezi wa Desemba 1935 ndege za jeshi hilo hilo zilimwaga gesi ya haradali juu ya Wahabeshi, askari na wachungaji wa ng'ombe, juu ya mito ambayo watu na wanyama walikunywa. Gesi hiyo huunguza ngozi. Hutoa malengelenge makubwa, hupofusha macho, na nyama hutoka. Tarehe 30 Desemba ndege za Italia zililipua hema za hospitali ya Msalaba Mwekundu ya Wasweden huko Melka Dida, iliyokuwa na alama yake wazi. Mkuu wake alikuwa Daktari Fride Hylander, mganga wa misheni, naye alijeruhiwa. Wagonjwa wengi waliuawa. Wasomaji wetu wengi wana habari za misheni za Kiswideni, kwa hiyo jambo hili latukaribia zaidi.

Hatusemi kwamba Castellani aliagiza gesi ile. Yeye alikuwa mganga, na mabomu yalikuwa mikononi mwa wengine. Ila mtu aliyeijua ngozi ya binadamu kuliko wenzake wengi, aliyetumia maisha yake kuitazama kwa hadubini, alikuwa akilitunza jeshi lililokuwa likiunguza ngozi za watu, na baada ya vita alizipokea nishani, tena aliandika kwa fahari juu ya afya ya askari wake. Katika miaka ya mwanzo huko Entebbe na Colombo ngozi nyeusi ndiyo iliyomfundisha. Hilo ndilo linalotuuma tunapoisoma habari hii, na hatuoni njia ya kulilainisha.

Vita vya pili vilipokuja aliendelea kuwa upande wa Italia, ilhali binti yake Jacqueline alikuwa ameolewa na Miles Lampson, balozi wa Uingereza katika Misri. Basi baba mkwe alikuwa akiwahudumia askari wa Italia, na mkwe alikuwa Kairo upande wa wale waliopigana nao. Italia iliposhindwa na ufalme ukafutwa mwaka wa 1946, Castellani akamfuata malkia Marie José uhamishoni Ureno. Hakurudi kuwa mkubwa tena. Akafundisha katika chuo cha magonjwa ya nchi za joto Lisbon, akaandika kitabu cha maisha yake kilichotoka mwaka wa 1960, akaendelea kupanda kuvu katika chupa.

Kuvu zilizopandwa zina tabia ya kufa au kugeuka sura zikiwekwa siku nyingi, na kuzihifadhi huhitaji mashine za baridi zenye gharama. Katika mwaka wa 1939 Castellani alitoa habari ya njia rahisi mno: chukua kipande kidogo cha kuvu, ukitie katika chupa ya maji yaliyotoneshwa na kuchemshwa, uifunge, uiweke juu ya rafu. Hakuna chakula, hakuna barafu. Kuvu haikui wala haifi, hungoja. Ukiitoa baada ya miaka na kuipa chakula, huota kama ilivyokuwa. Maabara zisizo na fedha nyingi hutumia njia hiyo hata leo, na zimo chupa ambazo kuvu zake zimeamshwa baada ya miaka 20. Castellani alikufa Lisbon mwezi wa Oktoba 1971, akiwa na umri wa miaka zaidi ya tisini.